Farumi ya Mdogo Wangu

Nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala, pale ambapo watu wengine hutundika kanzu na khanga zao, pametundikwa bamba la chuma. Ni chuma kisichoshika kutu, chenye unene wa milimita 3, kilichokunjwa katikati mithili ya kitabu kilichofunuliwa nusu, nacho kimetobolewa matundu ya kupitishia ukanda. Wageni waliowahi kuliona wamelidhania kuwa kipuri cha gari. Mke wangu huwajibu kwamba ni mke mwenziwe.

Ndugu msomaji, bamba hilo huvaliwa mgongoni na mtu anayepiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Nimekuwa nalo kwa miaka kadhaa, nalo lilikaribia kumwua mdogo wangu. Nikisema hivyo ninalionea, maana chuma hakina hila. Mkosaji nilikuwa mimi, na kosa langu lilikuwa la hesabu.

Habari yenyewe ilianzia kazini. Mhariri alinituma kuandika juu ya matumbawe ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo vimehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1975. Niliona haya kuandika juu ya kitu nilichokitazama kutoka kwenye boti tu, kwa hiyo nikaenda kujifunza kupiga mbizi. Makala ilitoka, ikasahauliwa, lakini mimi bahari ilikwisha kunikamata. Kila nilipopata nafasi na fedha nilirudi huko, nikakodi vifaa.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Vifaa vya kukodi aghalabu huwa na fulana ya kuelea, yaani vazi linalojazwa hewa ili mtu asizame asipotaka. Fulana hizo zimepita juu ya miili mingi. Mimi ni mtu wa kilo 94, nina tumbo ambalo wenzangu wa chumba cha habari huliita mhariri msaidizi, na kila fulana niliyoikodi ilinibana mbavu ilipojazwa, kisha ikapanda hadi masikioni. Mwenzangu mmoja wa safari hizo akanionyesha chombo chake: bamba, ukanda na bawa. Nilikijaribu siku moja, nikatoka majini nimekata shauri.

Watu waliobuni mtindo huo hawakuwa wakitafuta umaridadi. Walikuwa wapiga mbizi wa mapango yaliyojaa maji huko kaskazini mwa jimbo la Florida, Marekani, katika miaka ya 1970. Mtu aliyeingia pangoni na mitungi miwili alihitaji kitu kigumu cha kuibeba, tena alihitaji kulala kifudifudi majini kama samaki, asitimue tope la sakafuni, kwani tope likitimka mlango wa kutokea hauonekani tena. Bamba likawa uti wa mgongo. Ukanda mmoja wa nailoni, wenye upana wa sentimita 5, ulipitishwa matunduni ukawa mabega na kiuno, na ukanda mwingine ukashuka nyuma, ukapita katikati ya mapaja na kufungwa mbele. Mfuko wa hewa ukapachikwa baina ya bamba na mitungi. Ukijaa hutuna kushoto na kulia kwa mtungi, ndiyo sababu ya kuitwa bawa. Jambo lililonifurahisha mimi, mtu wa mshahara, ni kwamba matundu mawili makuu ya skrubu hutengana kwa inchi 11 karibu kwa watengenezaji wote, kwa hiyo bamba la huyu hukubali bawa la yule, na kinachoharibika hubadilishwa chenyewe badala ya kutupwa vyote.

Niliweka akiba kwa miezi saba. Mama watoto alihesabu fedha hizo kwa daftari za shule na kwa mafuta ya kupikia, akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko ugomvi, "Nunua, mume wangu, lakini ujue unanunua kitu cha kurudia nyumbani."

Kuchagua bamba ni kuchagua madini. Bamba langu la chuma lina kilo 2.7 nchi kavu, na likiingia baharini hubakiwa na uzito wa kilo 2.3 hivi, kwa kuwa kila kitu majini hupunguziwa uzito wa maji kilichoyasukuma. La alumini lenye umbo hilo hilo huwa na kilo moja kasoro kidogo, na majini hubakiwa na nusu kilo na ushei tu. Tofauti hiyo ni sawa na kipande kizima cha risasi. Kwa mtu mnene, au aliyevaa suti nene ya mpira, bamba la chuma ni neema: kilo mbili na zaidi huhama kiunoni, zikakaa mgongoni juu ya mapafu, mahali ambapo mwili huelea zaidi kuliko penginepo, na miguu huacha kuning'inia. Kwa mtu mwembamba aliyevaa shati jepesi katika bahari yenye joto kama yetu, neema hiyo hiyo huweza kuwa mzigo asioweza kuutua.

Hayo ninayoyaandika leo sikuyajua siku ya kununua. Nililichukua la chuma kwa sababu liling'aa.

Bawa nalo lina ushawishi wake. Wauzaji husema kwamba kubwa ndilo salama. Bawa lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuvieleza vifaa vyako vyote juu ya maji, mtungi ukiwa umejaa, endapo utavivua ukiwa ndani ya bahari. Ya pili ni kukuinua wewe unapokuwa chini, ambako suti ya mpira imebanwa na maji hata haikuelezi tena kama ilivyokueleza juu. Katika kina cha mita 10 tu, kanieneo huwa maradufu ya ile ya ufukoni, na vile vipovu vilivyomo katika mpira husinyaa. Kwa mtungi mmoja katika maji yetu, bawa lenye nguvu ya kuinua kilo 13 au 14 huzitimiza kazi hizo mbili, ikiwa mvaaji hakujibebesha risasi za bure. Likizidi sana, kitambaa chake hujikunja kuukumbatia mtungi kama chapati iliyokunjiwa maharage, na hewa hujificha ndani ya mikunjo wakati unapotaka itoke. Katika hili nilibahatika. Nilinunua la kilo 13 kwa sababu fedha za lile kubwa sikuwa nazo.

Suti yangu ilikuwa ya mtumba, ya milimita 5, iliyoshonwa kwa ajili ya bahari za baridi. Nilijisifu kwamba nimepata mali kwa bei ya kutupa, nisitambue kwamba nimenunua joto nisilolihitaji, na kwamba sasa ingenipasa kununua risasi za kulizamisha joto hilo. Muuzaji mmoja alinitazama tumboni, akanipa mshipi wenye vipande viwili vya kilo mbili mbili, kisha akaongeza cha tatu. "Hizi mbili za usalama," alisema. Nikamshukuru.

Kilo sita hizo zilinizamisha vizuri, na katika ujinga wangu nilidhani kuzama vizuri ndio ustadi. Kila kilo ya uzito usiohitajiwa hudai lita moja ya hewa ndani ya bawa ili uweze kutulia pale ulipo. Hewa hiyo haikai kama ulivyoiweka: ukishuka husinyaa ukazidi kuzama, ukipanda huvimba ukazidi kupaa. Mtu aliyezidisha risasi hana raha. Kidole chake hakiondoki kwenye kitufe, miguu yake imening'inia, na mtungi wake huisha upesi kuliko wa mwenzake. Dalili zote hizo nilikuwa nazo kwa mwaka mzima, nikazihesabu kuwa ni unene wangu.

Jumapili moja ya Februari 2019 kaskazi ilikuwa imelala na bahari imetulia kama sinia. Mdogo wangu alifuatana nami. Yeye ni fundi umeme, wakati huo alikuwa na umri wa miaka 26, kilo 62, mwembamba wa kuhesabika mbavu. Alikuwa na cheti chake, na alikwisha kupiga mbizi mara ishirini na kitu kwa vifaa vya kukodi. Kwa muda mrefu alilitamani bamba langu. "Kaka, leo niazime na mimi nionje," alisema. Katika nyumba yetu hatukuzoea kunyimana. Mashati, baiskeli na viatu tulivaa kwa zamu. Nikampa vyote kama vilivyokuwa. Nilimfupishia ukanda wa mabega ukamkaa sawasawa, nikajiona nimemaliza kazi. Mimi nikachukua fulana ya kukodi. Yeye alivaa bukta na shati jepesi tu.

Alifunga kwanza mshipi wa risasi, zile kilo sita zangu. Kisha akajitia ndani ya ukanda wa bamba, akaupitisha ule wa mapajani juu ya mshipi, akakaza bizimu ya kiunoni. Nilimtazama akifanya hivyo, tena nikamsifu kwa wepesi wake.

Juu ya maji alielea, ingawa maji yalimfika kidevuni na bawa limejaa. Tulishuka hadi kwenye matumbawe, mita 12. Nilimwona akijaza hewa, akijaza tena, magoti yake yakiburuza karibu na mchanga. Baadaye tukafika pale ambapo mwamba huishia na mteremko huanza kuingia gizani. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimekifungua kiwiko cha bomba kilichopo juu ya bawa ili nikioshe chumvi. Wakati wa kukirudisha, nadhani mtoto aliniita, au simu ililia, sikumbuki. Nilikikaza kwa vidole viwili nikaenda zangu. Hapo mtelemkoni kikachomoka.

Hewa ilitoka kwa mkupuo mmoja, ikaruka juu kama kuku waliotishwa. Mdogo wangu alitazama juu, kisha akatazama chini, na akaanza kushuka miguu ikitangulia. Alipiga mapezi kwa nguvu zake zote, lakini wapi! Baadaye, kwa kalamu na karatasi, tulihesabu kwamba wakati ule alikuwa mzito kupita maji kwa kilo nane na zaidi. Hakuna miguu ya binadamu inayoweza kuogelea na mzigo huo kwenda juu kwa muda mrefu.

Nilimfukuza. Nilipoukamata ukanda wake wa bega, geji yangu ilisoma mita 27, na bado tulikuwa tunashuka. Nikajaza fulana yangu mpaka ikanibana kooni, tukasimama, hatukupanda. Akanionyesha kiunoni. Bizimu ya mshipi wa risasi alikwisha kuifungua mwenyewe. Mshipi ulikuwa wazi, lakini haukuanguka. Ulikuwa umekalia ule ukanda wa mapajani, umening'inia kama mtoto kwenye mbeleko. Nikafungua bizimu ya kiuno ya bamba, nikauchomoa ukanda wa mapajani, na risasi zikapita magotini pake zikaenda zao. Zipo huko mpaka leo.

Mara tukageuka kuwa wepesi, na hatari ikawa ya kupaa. Niliinua bomba la fulana na kutoa hewa, nikatoa tena, nikimshika kwa mkono wa pili. Kwenye mita 5 tulikamata kamba ya boti, tukakaa dakika tatu tukitazamana machoni. Macho yake ndani ya miwani yalikuwa makubwa kuliko nilivyowahi kuyaona tangu utoto wetu.

Alipofikishwa ndani ya boti alikaa kimya kwa muda, akatapika maji ya chumvi, halafu akasema, "Kaka, usimwambie mama."

Sikumwambia. Lakini mtu lazima aseme na mtu, na mimi nilikwenda kwa mjomba wetu. Mjomba amepita miaka themanini. Ujanani alikuwa baharia wa majahazi yaliyobeba boriti za mikoko kutoka Rufiji. Nilidhani angenigombeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Farumi yake ilikuwa kilo ngapi?"

Nikamwambia kilo sita, na bamba.

"Nani aliipima?"

Nikamwambia hakuna aliyeipima. Ilikuwa ya kwangu.

Akacheka bila furaha. "Mjomba, mawe ya jahazi unayatia kwenye ngalawa, halafu unamlaumu nani? Kila chombo na farumi yake. Na hiyo ya kwako uliipimaje?" Nikaeleza kwamba nilijitia majini, mtungi umejaa, nikaona nazama, nikaridhika. Mjomba akatikisa kichwa. Farumi, alinifahamisha, huwekwa kwa ajili ya safari ambayo chombo ni kitupu. Jahazi lililoshiba boriti halitaki mawe, maana shehena yenyewe ndiyo uzito. Mimi shehena yangu ni nini?

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Shehena yangu ni hewa. Watu wengi hawaamini kwamba hewa ina uzito wa kutajika, lakini mtungi wa alumini ulio wa kawaida katika ufuko wetu, ule wa futi za ujazo 80, ukijazwa kufikia bari 200 na ushei, hubeba hewa ya karibu kilo 2.7. Kabla ya kurudi juu nimekwisha kuvuta kilo mbili za hiyo. Mtungi ulioanza safari ukizama humaliza safari ukielea. Basi mtu anayejipima akiwa na mtungi uliojaa hupimwa na shehena yake. Anayetaka kujua kweli yake na ajipime mwishoni, mtungi ukiwa na bari 50 hivi, katika maji ya mita 3 hadi 5, bawa likiwa tupu kabisa. Akiweza kutulia hapo kwa pumzi ya kawaida, hapandi wala hashuki, risasi zake zimetimia. Akishuka, na apunguze.

Mjomba aliniambia na jambo jingine. Mabaharia wa Kiarabu walimsimulia juu ya wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba, ambao walishuka na jiwe lililofungwa kamba. Wakifika chini waliliachia, nalo likavutwa juu na wenzao waliobaki chomboni. "Jiwe la kushukia si la kukaa nalo," alisema. Nikaufikiria ule mshipi uliokalia ukanda wa mapajani. Tangu siku hiyo mshipi wa risasi, kwangu na kwa yeyote ninayefuatana naye, huvaliwa mwisho, juu ya kila kitu, mahali ambapo mkono mmoja unaweza kuuachia na usikute kizuizi.

Tulingoja wiki sita kabla ya mdogo wangu kukubali kurudi majini. Sikumbembeleza. Tulikwenda palepale Mbudya, upande wa kina kifupi, tukiwa na mitungi iliyokwisha kutumiwa. Mimi nilianza na kilo sita: nikatua mchangani kama gunia. Tano: nikatua. Nne: nikabaki katikati ya maji, nikivuta pumzi napanda kiganja kimoja, nikitoa nashuka kiganja kimoja. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba "usalama" wa kilo mbili, na gharama yake nililipa kwa hewa na kwa mgongo.

Zamu yake ilipofika nilimvalisha bamba la chuma bila risasi hata moja. Alizama. Mtungi karibu mtupu, kiuno kitupu, na bado alizama taratibu, kwa kilo moja na nusu hivi. Maana yake ni kwamba ile Jumapili, hata baada ya risasi kuanguka, alikuwa bado mzito, na uzito uliobaki ulikuwa umefungwa mgongoni mwake kwa skrubu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwembamba wa bahari za joto huambiwa achukue alumini.

Bamba la alumini la dukani lilikuwa ghali kwa fundi umeme. Tulichora kielelezo kwenye karatasi ngumu tukampelekea fundi mmoja Gerezani, naye akatukatia bati la milimita 3, akalikunja, akatoboa matundu kwa vipimo vile vile vya inchi 11. Jioni mbili mdogo wangu alikaa uani akipiga tupa kingo za matundu, kwa sababu kingo kali hula ukanda polepole na hakuna anayejua siku utakapokatika. Mke wangu alimpelekea chai bila kuombwa, jambo ambalo kwangu mimi halijatokea.

Kwa bamba hilo alihitaji kilo moja tu ya risasi, kipande kimoja. Kipande hicho hakizidi ukubwa wa sabuni ya kufulia iliyotumika nusu. Nilipomwona amekishika kiganjani, nikakumbuka kile nilichomfunga kiunoni mara ya kwanza, nililazimika kwenda kutazama nanga kwa muda.

Siku hizi hupiga mbizi pamoja mara moja kwa mwezi, fedha zikiruhusu. Kabla ya kuingia majini tunakaguana kama wanawake wanaokwenda harusini: kiwiko cha bomba, nati za skrubu, bizimu, mshipi uko nje au ndani. Anakikaza kiwiko changu kwa nguvu kuliko lazima. Kila mshipi umeandikwa jina kwa wino usiofutika, na kuazimana, kwa upande wa risasi, kumekwisha.

Mama yetu hakuwa na habari ya mambo haya hata kidogo. Lakini yeye ni msomaji wa ukurasa huu, na mjomba humsomea pale miwani inapomchosha. Mdogo wangu ameahidi kwamba Jumapili hii ataondoka alfajiri, afike kwake kabla gazeti halijafika.